Mcheza Kwao Hutunzwa



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni michezo ya video ya mkononi. Ile ya mtindo wa zamani, inayotungwa na mtu mmoja au wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Tunalisema kwa sababu limetufunulia kosa letu wenyewe, na mficha uchi hazai.

Mwezi uliopita alitujia mpwa wetu, mtoto wa marehemu dada yetu. Ni kijana fundi wa simu. Baada ya shikamoo na chai, alitueleza kwamba kwa miezi minane, kila usiku baada ya kufunga kibanda chake, amekuwa akitunga mchezo. Sasa ameumaliza, naye anauuza kwa bei isiyozidi sahani ya wali kwa maharage. Tulicheka. Tukamwambia, "Mwanangu, kwa umri huu bado uko kwenye michezo?" Kisha tukaongeza neno baya zaidi: "Haya, tupatie nakala. Ndugu kwa ndugu hawauziani." Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, Mjomba, chukua," akauweka katika kompyuta yetu.

Tulimwuliza pia kwa nini mchezo wake hauna rangi nyingi kama ya siku hizi. Akatueleza kwamba alitumia GB Studio, programu iliyotolewa bure mwaka 2019 na Chris Maltby, inayomwezesha hata asiye mtaalamu kutunga michezo inayofaa kwa chombo cha zamani kiitwacho Game Boy. Kioo cha chombo hicho kilikuwa na nukta 160 kwa 144, na vivuli vinne tu. "Ukiwa na vivuli vinne, Mjomba," alisema, "huwezi kuchora kila kitu. Inabidi uchague kitakachobaki."

Ndugu wapendwa, Game Boy ilitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1989. Aliyeongoza kazi hiyo, Gunpei Yokoi, aliajiriwa mwaka 1965 kutunza mitambo ya kiwanda cha karata. Kanuni yake ilikuwa kuchukua vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akavitafutia matumizi mapya. Mwaka huo huo wa 1989 mshindani wake, Atari Lynx, alikuja na kioo cha rangi, lakini alimaliza betri sita kwa saa chache. Game Boy, pamoja na uhafifu wa kioo chake, ilitosheka na betri nne kwa muda mrefu zaidi. Ikijumlishwa na ile ya rangi iliyofuata, viliuzwa vyombo zaidi ya milioni 118. Kumbe kidogo kilichofikiriwa vema chaweza kwenda mbali.

Mtindo huo haujafa. Mwaka 2022 kampuni ndogo ya Panic ya Marekani ilianza kuwapelekea wanunuzi Playdate, chombo cha manjano chenye kioo cha nyeusi na nyeupe na mpini mdogo wa kuzungusha ubavuni, pamoja na michezo 24 iliyokuja miwili miwili kila juma. Vilevile Eric Barone alikaa peke yake zaidi ya miaka minne akichora, akiandika na kutunga muziki wa Stardew Valley, mchezo wa kilimo wenye sura ya zamani. Aliutoa mwaka 2016, na nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 40. Lakini tusidanganyike na mfano huo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hata hivyo vizuri vingi hukaa gizani kwa kukosa wa kuvitazama.

Usiku ule tulifungua mchezo wa mpwa wetu kwa kupoteza muda tu. Mtoto anatumwa maji kisimani. Ndoo yake inavuja, na jua linazama. Akikimbia, maji yanamwagika. Akienda polepole mno, giza linamkuta. Tulishindwa mara tano. Mara ya sita tulifika nyumbani, na mlangoni alisimama mama, ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Kando yake palikuwa na mwembe ulioinama, na ngazi ya mawe matatu, la katikati limevunjika.

Tuliijua ngazi ile. Ni ya nyumba ya dada yetu, iliyokwisha kubomolewa. Hatuna picha yake hata moja. Katika vivuli vinne tu, mwanawe alikuwa amechagua kitakachobaki; nasi tulikuwa tumekicheka, kisha tukakichukua bure.

Kulipokucha tulimtumia fedha kwa simu, bei kamili, tukamwomba radhi. Alijibu kwa maneno machache: "Asante sana, Mjomba. Wewe ni mnunuzi wa nne."

Wanne, baada ya miezi minane! Tuliona haya. Seremala wa mtaani hatumwombi kiti cha bure kwa kuwa tunamfahamu. Na tukifanya hivyo, tunajua tumemdhulumu. Lakini kazi inayoingia katika simu au kompyuta tunaiona kama haina jasho, kwa sababu kuinakili ni rahisi. Urahisi wa kuchukua haupunguzi ugumu wa kutengeneza.

Tena kuna faida ya kufurahia michezo ya namna hii. Ule wa mpwa wetu unakwisha kwa saa moja hivi. Haukatizwi na matangazo, hauombi fedha katikati, wala haumwiti mtu usiku wa manane. Unacheza, unafurahi, unauweka kando na kurudi kwa watu wako. Wazazi wanaohangaika na watoto wasiobanduka kwenye simu wangefanya vema kukaa nao na kucheza pamoja mchezo wenye mwisho.

Basi, ndugu wapendwa, juma hili tujiulize: ni nani karibu nasi anayetengeneza kitu kidogo usiku, nasi tumekicheka? Tukinunue kwa bei yake. Tukitumie kweli, kisha tumwambie kilichotufurahisha na kilichotukwaza, kwa maana mtunzi huhitaji pia kusikia kwamba kazi yake imefika. Na tumjulishe jirani, badala ya kumpa nakala.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mpwa wetu alicheza kwao, nasi ndio watu wa kwao. Tulichelewa kumtunza. Nanyi msichelewe.