Askari wa Bluu wa Kasongo

"Nkambo, huyu shehe mbona ana bunduki?"

Mjukuu wangu, kijana anayemaliza sekondari hapa Kasongo, aliniuliza hivyo akiwa ameshika kisanamu cha mti nilichokihifadhi tangu ujana wangu. Aliona kofia nyekundu akakata shauri. Mji huu una misikiti tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, kwa hiyo kwa kijana huyu mwenye kofia ya namna ile ni mtu wa Ijumaa tu. Kumbe yule ni askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo lililoiteka Kasongo kutoka mikononi mwa Sefu tarehe 22 Aprili 1893, na Januari iliyofuata likaingia Kabambare. Nimezikagua tarehe hizo vitabuni na ziko sawa. Lakini mimi sikuanza kumjua askari huyo vitabuni. Nilimjulia barazani kwa fundi wa visanamu.

Fundi alikuwa mzaliwa wa Kabambare. Alikwenda na jeshi hadi Saio, kule Uhabeshi, mwaka 1941, akarudi akafanya makao karibu na soko letu. Baba yake, askari pia, alivaa sare ya bluu kabla ya vita vya Tabora. Yeye mwenyewe alivaa kaki. Baraza lake ulilijua kwa pua kabla hujalifikia: masizi, mawese, uji wa muhogo ulioanza kuchacha, na moshi wa taa yake ya kibatari, maana usiku ndio aliochonga.

Mchana alipaka rangi, na alipaka upesi ajabu. Wanunuzi wake walikuwa mapadri, Mgriki mwenye duka, na zaidi ya wote abiria wa reli ya Kindu–Kongolo, ng'ambo ya Lualaba. Garimoshi halimsubiri mtu. Ikisikika kwamba linakuja, alipanga askari wake ubaoni, kila mmoja amepigiliwa msumari chini ya kitako ili amgeuze bila kumgusa mwilini.

Kwanza aliwapaka wote masizi yaliyokorogwa na uji mwepesi wa muhogo, mwili mzima. Kabla hayajakauka alishika kitambaa akafuta. Masizi yakabaki mabondeni tu: kwenye macho, katikati ya vidole, kwenye mikunjo ya nguo na ukingo wa mkanda. Kivuli kilikuwa tayari kabla ya rangi ya kwanza. Kisha bluu ya kufulia, nzito, kwenye brashi ya manyoya ya mbuzi iliyokamuliwa mpaka ikawa karibu kavu. Alipitisha juu juu, palipoinuka tu, na mistari myeusi ikajichora yenyewe. Alipaka bluu safu yote mpaka mwisho. Akifika kwa wa mwisho, wa kwanza amekwisha kauka. Hapo ndipo alipochukua wekundu wa nkula, unga wa mti mwekundu: mguso mmoja kwenye kofia, mwingine kiunoni kwenye mshipi. Uso na mikono alivisugua kwa tone la mawese, mti ukang'aa kama ngozi. Singe aliikwangua kwa ncha ya kisu, weupe wa mti ukawa chuma.

Miguu hakuipaka kitu. Siku moja nilichovya brashi kwenye masizi ili nimvalishe mmoja buti. Alinishika mkono.

"Mwanangu, usimpake askari viatu ambavyo hakupewa."

Walikwenda peku, akasema. Baba yake alitembea peku, naye pia alianza peku. Nikaelewa upesi wake ulikotoka. Hakupaka hata unywele mmoja asioujua. Alijua jicho la mnunuzi linatua kwenye kofia, linashuka kwenye mshipi, linafika bundukini, basi. Kwingine kote aliuachia mti na masizi.

Wa kaki nao aliwachonga, wale wa Saio, kwa udongo wa manjano wa kando ya mto. Hao alikuwa hawaharakishi. Abiria hawakuwataka, walitaka bluu na nyekundu, lakini yeye aliwapanga nyuma ya mlango na hakuna aliyeruhusiwa kuwapunguzia bei.

Baadaye rangi za kopo ziliingia. Mgriki akaondoka. Garimoshi likawa la kubahatisha. Fundi akafa. Vita vikapita, vikarudi, na visanamu vingi vikaishia mafigani. Vijana wenye mikono mizuri wakaenda Namoya na Salamabila kuchimba dhahabu, na siwalaumu, mtoto lazima ale.

Ninaowalaumu ni wanaouza leo visanamu vilivyopakwa kiwi cha viatu na kumwambia mgeni kwamba ni vya kale. Nimeona askari mwenye kofia nyekundu na sare ya madoadoa ya siku hizi, chini amevaa buti, amepakwa kwa dakika chache. Aliyempaka ana haraka kama ya fundi, ila hamjui anayempaka. Na mnunuzi akiondoka naye, ameondoka na uongo wenye jina la mji wetu.

Ndiyo maana sikumkemea mjukuu wangu. Nani aliwahi kumwambia habari za askari hawa? Naomba walimu wa Kasongo na Kabambare wampe kila mtoto kipande cha mti mwepesi, masizi na bluu ya kufulia. Na kabla hajachovya brashi, aende kwa mzee wa kwao aulize: babu yetu alivaa nini, alibeba nini, na siku ile ya Aprili alisimama upande gani? Majibu hayatalingana, kwa sababu mji huu umejaa wajukuu wa waliouteka na wajukuu wa waliotekwa, wameoana, na wengi wetu tu damu ya pande zote mbili. Basi wachongwe wote, kila mmoja na vazi lake la kweli.