Hoja Potofu Katika Mjadala wa Asili ya Kiswahili

Mjadala wa asili ya Kiswahili unapopamba moto, aghalabu huibuka hoja tatu zinazostahili kupewa majina.

Ya kwanza ni upotofu wa jina. Hudaiwa kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa kuwa jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu “sawahil”, yaani pwani. Bara la Amerika nalo lilipewa jina kutokana na Amerigo Vespucci, baharia Mwitaliano. Hakuna adaiye kwamba wenyeji wa bara hilo walitoka Italia.

Ya pili ni upotofu wa sehemu, ambapo wingi wa maneno ya mkopo hufanywa kuwa lugha nzima. Kiingereza kimekopa mno kutoka Kifaransa na Kilatini, lakini nasaba yake ingali moja na ya Kijerumani. Neno “kitabu” lilitoka Uarabuni. Lilipofika pwani, likavishwa ngeli: kitabu kimoja, vitabu viwili. Mgeni alitii sarufi ya mwenyeji.

Ya tatu ni shambulio la nafsi: “Mtu wa bara atajuaje asili ya Kiswahili?” Hoja huachwa kando, akapigwa msemaji.

Hata hivyo, kuutaja upotofu si kuushinda mjadala. Mwanafunzi atamkaye “huo ni upotofu” kisha akaketi akipigiwa makofi hajathibitisha lolote. Isitoshe, hoja mbovu yaweza kufikia hitimisho la kweli. Asemaye kwamba Kiswahili ni Kibantu kwa sababu wazungumzaji wake ni Waafrika amefika penye ukweli kwa njia mbovu, kwani Kiarabu pia huzungumzwa na mamilioni ya Waafrika. Ithibati imo katika ngeli, upatanisho wa kisarufi, viambishi vya vitenzi, na udugu wa Kiswahili na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika kundi la Sabaki, ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilichambua kwa kina mwaka 1993.

Huu si mchezo wa maneno. Kuiita lugha hii ya kuletwa ni kuwanyang’anya Waswahili kazi ya vizazi vyao. Haki hiyo haitetewi kwa kelele, wala kwa orodha ya majina ya makosa ya wengine, bali kwa ushahidi. Atakayeibomoa hoja ya mwenzake na awe tayari kuijenga yake.