Masika, Kutoka Darajani Hadi Vuga

Mvua ya masika ikishika Unguja mwezi wa Aprili, mwenye haja zake hutoka hivyo hivyo. Umeme ukiisha kwenye mita lazima ununuliwe, kitoweo kitafutwe, na nguo ya harusi ikafuatwe kwa fundi kabla hajafunga duka. Kwa hiyo safari yangu ya siku ya mvua naianzia Darajani, haja hizo zinakokutana, kisha nashika njia ya Mkunazini na Sokomuhogo kwa miguu hadi Vuga, lilipo jumba la sinema la Majestic. Si mwendo mrefu, lakini kila kituo chake kinatoa ushahidi wa jambo ninaloliamini kwa dhati: mvua haimharibii mtu siku. Siku inaharibika kwa sababu mji umepoteza paa kubwa la kukaa watu pamoja wakati haja zimekwisha na mvua bado inanyesha.

Darajani yenyewe inaeleza nusu ya hoja hii. Hapa palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa, na mpaka leo maji ya mvua kubwa yanapatafuta mahali pake pa zamani. Watu huvua viatu, hukunja suruali na kupandisha buibui, wakikimbilia chini ya paa la soko la mwaka 1904. Ukisimama humo utaona kitu cha kuzingatia: mtu amekwishanunua changu wake, ameshalipa, na haondoki. Anaanza kuzungumza na asiyemjua, habari za bei, za boti, za mpira. Haja imekwisha na baraza imeanza. Lakini soko ni mahali pa kupita, na ukikaa sana unamzibia njia mwenye mkokoteni. Mwisho wake unatoka mvuani, ingawa hakuna kinachokungoja nyumbani.

Vichochoro vya Mkunazini vina dawa yao ya zamani. Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba ni za kukalia siku ya jua, na mvua ikijaza njia huwa ndizo njia: unapanda ya huyu, unaruka ya yule, mkono ukutani, na chokaa iliyolowa inakubakia viganjani. Hivyo ndivyo nafika Sokomuhogo, penye uwanja mdogo unaoitwa Jaws Corner kwa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Filamu iliyoacha jina lake kwenye njia panda ya mji si kitu kidogo katika maisha ya mji huo. Siku kavu hapa pana kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, pana dama, keram na bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, wachezaji ni wawili tu, lakini halinogi bila wale wanaosimama nyuma, wanaohesabu kimoyomoyo, wanaoguna mchezaji akikosea kutakata. Mvua inapowafukuza hao, wachezaji wawili wanaweza kulihamishia bao ukumbini kwa mmoja wao. Watazamaji hawahamishiki.

Vuga ndiko paa lilikokuwepo. Ukumbi wa kwanza mahali hapa, Royal, ulijengwa miaka ya 1920, ukateketea kwa moto, na katikati ya miaka ya 1950 likasimama jengo jipya kwa jina la Majestic. Hapo, na katika majumba mengine ya mji, Waunguja wa kila rangi walilia na kuimba na filamu za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 zilipendwa na watu wasiojua Kihindi hata neno, kwa kuwa ugomvi wa baba na mwana, deni la mkulima na heshima ya mama ni mambo yetu pia. Palikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao, ili staha isimnyime mtu burudani. Kisha jengo likachakaa, paa likaporomoka, na mvua ikapata njia ya kunyeshea ukumbini.

Wapo watakaosema simu imemaliza shida hiyo: Awara imo mtandaoni, bure, kila mtu aitazame kitandani kwake. Naikubali nusu tu. Nyumba nyingi za Ng'ambo zimeezekwa mabati, na mvua ikipiga kwa nguvu hata watu wawili kitandani hawasikilizani, sembuse wimbo wa simu. Tena historia haikubali kwamba kioo cha nyumbani ndicho kilichoua sinema. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko Bara, na watu waliendelea kupanga foleni za tiketi. Wanaozipenda filamu bado wapo: tamasha la filamu la ZIFF limewakusanya Ngome Kongwe tangu mwaka 1998. Ila ngome ni uwanja wa wazi, na tamasha hufanyika katikati ya mwaka, masika yakiwa yamekwisha. Msimu unaolihitaji paa zaidi ndio usio na paa.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mitaro kwanza, wanasema, na anayekaa bondeni ana haki ya kusema hivyo. Lakini katika mji huu mtaro na paa ni kazi moja. Maji yakipenya juu huiosha chokaa, huozesha boriti, na ukuta wa mawe hubaki umesimama kwa mazoea. Beit al-Ajaib, kasri la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakafa. Jengo linalosubiri zamu yake haliokoi fedha, linaongeza gharama, na mara nyingine linachukua roho.

Kwa hiyo mbele ya Majestic siombi makumbusho wala hoteli. Naomba paa lisilovuja, mashine ya kuonyeshea na viti. Jumapili alasiri za masika iwe filamu ya zamani kwa bei ya kahawa na bajia, siku moja ya wiki iwe ya wanawake, na kwenye varanda ya kuingilia ziwekwe mbao za bao zenye nafasi ya kutosha nyuma ya wachezaji kwa wale wanaosimama na kuguna.