Kitabu Kilichorudi Nyumbani



Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, sisi mafrateri tulishangilia kana kwamba tuzo ni yetu. Mzaliwa wa Zanzibar! Kisha tukaulizana ni nani kati yetu aliyesoma hata kitabu chake kimoja. Kimya.

Tukaazima nakala moja ya Paradise, riwaya iliyotoka mwaka 1994, tukawa tunapokezana. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Baadaye anaingia bara na msafara, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tuliokisoma kitabu cha Mwanzo tulimkumbuka mara moja Yosefu aliyeuzwa.

Wakati wa likizo mmoja wetu alikwenda nacho nyumbani. Mama yake, akiwa anachambua mchele, akamwuliza, "Mwanangu, hicho kitabu kinasema nini?" Frateri akaanza kueleza ukoloni na utambulisho, maneno ya darasani. Mama akamsikiliza kwa heshima, kisha akarudi kwenye mchele wake. Aliporudi seminarini akatusimulia. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Mwandishi amekua akisema Kiswahili, habari ni za pwani yetu. Kitabu kimesomwa Ulaya yote, lakini kwa mama yule hakijafika.

Mwaka 2022, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Likizo iliyofuata Frateri hakueleza kitu. Alimsomea mama tu. Walipofika pale Yusuf anapoondoka na Aziz bila kujua kwamba amewekwa rehani, mama akamkatiza: "Huyo baba, usiku ule alilala?"

Sisi tuliojadili riwaya hiyo kwa majuma hatukuwa tumejiuliza swali hilo.

Tangu hapo tunaiangalia kwa hofu njia tunayoiendea. Teolojia tunaisoma kwa Kiingereza, na mitihani tunaifanya kwa Kiingereza. Kesho tutasimama mbele ya akina mama kama yule. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Mtakatifu Hieronimo alitumia miaka mingi ya maisha yake kuyatafsiri Maandiko kwa Kilatini, lugha ya watu wa Magharibi wakati ule. Hata Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare, alitupatia pia Utenzi wa Enjili. Kutafsiri si kazi ya pembeni katika Kanisa.

Vitabu huvuka bahari, vikashindwa kuvuka kizingiti cha mlango. Homilia nazo huweza kupatwa na hayo. Ndiyo maana sasa, tunapofanya mazoezi ya kuhubiri, tunaulizana: mama yule angeweza kutukatiza kwa swali, au angerudi kwenye mchele wake?

Tuombeane.