Barua kutoka Ubelgiji: Mboga za Nyuma ya Jiko

Ndugu zangu wa Eringeti,

Huku baridi inalegea, na wenye bustani wameanza kugeuza udongo. Miche ya nyanya imeoteshwa dirishani, wala haitatoka nje kabla ya sikukuu za watakatifu Mamert, Pancrace na Servais, tarehe 11 hadi 13 Mei, kwa hofu ya jalidi ya mwisho. Ninyi huko mashariki mwa Kongo mko karibu kabisa na ikweta. Lengalenga ikipandwa mvua za Machi zinapoanza, baada ya wiki nne hivi inachumwa. Ndiyo maana nasema bustani ya nyuma ya jiko inastahili jasho lilelile tunalolimwagia kakao. Tena, tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewatoa watu mashambani, na Eringeti yenyewe ilishambuliwa Novemba 2015. Mama anayefuata sombe msituni anahatarisha roho yake kwa chakula cha jioni. Kitalu kidogo hakileti amani, na atakayewaambia kinaleta anawadanganya. Kinampunguzia mama huyo safari.

Mtanijibu kwamba kakao ndiyo inayolipa karo. Ni kweli, tena sehemu ya kakao ya wilaya yetu ya Beni huuzwa Ulaya kwa cheti cha kilimo hai. Lakini barabara ya Komanda ikifungwa, gunia la kakao halipikwi. Afadhali kakao hiyo isaidie mboga: maganda yake yana potasiamu nyingi. Yakatwekatwe, yachanganywe na samadi ya mbuzi, majani mabichi na mashina ya migomba, yafunikwe, yageuzwe mara kwa mara mpaka yawe meusi na kunukia kama udongo wa msituni. Rundo likae mbali na mikakao, maana ganda bichi linaweza kubeba ugonjwa unaoozesha matunda. Na wadudu je, tusipopuliza dawa? Watakula kiasi, hasa kabichi. Basi tuanze na lengalenga, matembele na vitunguu, tuzichanganye, na nyanya zisirudi palepale msimu unaofuata. Hasara hiyo naiona ndogo kuliko sumu inayopuliziwa mboga za kuchumwa kesho, watoto wakicheza kando.

Pingamizi zito ni la aliyekimbia kwao: ardhi si yake, na kesho huenda akahama tena. Magunia yaliyojazwa udongo humsaidia kidogo tu. Anahitaji kiwanja, na parokia na shule zinavyo. Huko Ufaransa padri Jules Lemire alianzisha mwaka 1896 chama cha kuwapatia wafanyakazi vipande vya kulima mboga. Sioni kwa nini parokia ya kwetu ishindwe kukopesha kipande kwa msimu mmoja. Mapatano yaandikwe kabla ya mvua: nani analima, mpaka lini, na kwamba akilazimika kukimbia, mboga zake zichumwe na waliobaki.