Muziki Juu ya Maji ya Luapula



Atakayelala Kasumbalesa usiku mmoja tu atatambua kwamba hata kelele zina makabila yake. Malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Zambia hupanga mstari mrefu kando ya barabara, na katika kila kabini redio inaimba: huku bongo fleva ya dereva aliyepanda kutoka Dar es Salaam, kule rumba ya Kinshasa, na mbele kidogo kwaya ya Kibemba. Sisi tunaoandika haya, mume na mke, tumeuza chakula kando ya mstari huo kwa miaka mingi, na watoto wetu wamekua wakilala katikati ya nyimbo tatu zinazogombana. Huenda ndiyo sababu tuliyapenda maji.

Tunayo mashua ya mbao huko Kasenga, aliyotuachia baba wa mmoja wetu. Hushuka mto Luapula ikiwa na abiria, unga na chumvi, ikaingia Ziwa Mweru hadi Kilwa, kisha ikarudi na samaki. Nahodha wake ni mzee aliyeijua kabla yetu. Kila tunapopata nafasi huacha kibanda mikononi mwa watoto wakubwa, tukapita Lubumbashi, tukashika njia ya Kasenga, na kusafiri pamoja naye.

Muziki ulikuwamo tangu zamani, kama inaweza kuitwa muziki: redio ya gari na spika mbili ambazo karatasi yake ilikuwa imevimba kwa unyevu. Ili kuishinda injini tuliifungulia mpaka mwisho, nayo ikapiga kelele kama mtu anayegombana. Wimbo ulipokwisha, wote tulipumua.

Fundi aliyetutengenezea mpya ni fundi wa redio za malori hapa Kasumbalesa. Alitueleza kwamba umeme wa lori ni volti 24 na redio nyingi hutaka 12, hivyo kazi yake ya kila siku ni kufunga kifaa cha kupunguza. Mashua yetu, yenye batri ya volti 12, ingekuwa rahisi kuliko lori. “Mtikisiko naujua, Baba, na vumbi nalijua,” alisema. “Ninachokiogopa ni maji.” Akachagua spika zenye uso wa plastiki badala ya karatasi. Akataka batri ya pili kwa ajili ya muziki peke yake, ili nyimbo zisile nguvu ya kuwashia injini katikati ya ziwa. Akaweka fyuzi karibu kabisa na batri, maana waya ukichubuka juu ya mbao zilizolowa mafuta, moto hauulizi nani mwenye chombo. Na badala ya spika moja kubwa ya kutisha, ambayo mmoja wetu alikuwa amekwisha kuiota, alitushauri kufunga nne ndogo, karibu na masikio ya watu. Juu ya maji hakuna ukuta wa kurudisha sauti, alisema, inayotoka imekwenda.

Fedha zilizotumika zilikuwa za plasta ya nyumba. Ukuta mmoja hadi leo ni matofali matupu, na hakuna mgeni ambaye hajauliza.

Lakini safari ile ya kwanza! Tuliweka Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, katika Masanga, wimbo ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo huo tuliujua tangu utoto, au tulidhani tunaujua. Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada: gumba likitembea chini kwa besi, kidole kikicheza juu. Ngurumo ya injini ni ya chini, nayo humeza kila sauti ya chini iliyo dhaifu kuliko yenyewe. Kwa hiyo katika spika za zamani gumba lote lilikuwa likizama, tukabaki na kidole. Siku ile tulilisikia gumba. Tulitazamana kama watu waliogundua kwamba jirani yao wa miaka yote ana ndugu pacha. Baadaye mama mmoja miongoni mwa abiria aliomba Sanctus ya Missa Luba, ile misa iliyoimbwa kwanza Kamina, katika Katanga yetu hii, mwaka 1958, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko. Watu walinyamaza hata mafunjo yalipoanza kuonekana.

Tungependa kuishia hapo. Ila safari ya tatu, tukirudi kutoka Kilwa, tulifika mlangoni pa mto jua likiwa limezama. Abiria walikuwa wakicheza, nasi kwa kiburi cha mwenye kitu kipya tulikuwa tumeongeza sauti kupita ilivyohitajika. Nahodha aliomba mara ya kwanza ipunguzwe. Akaomba mara ya pili: “Mama, mimi hapa huendesha kwa masikio.” Tukamjibu, na jibu hilo linatuuma hata sasa, “Wimbo mmoja tu, Mzee.”

Tulimwona mvuvi kabla ya kumsikia. Alikuwa amesimama katika mtumbwi uliokaa kikingamo mbele yetu, mikono juu, kinywa wazi, na hapakuwa na neno lililotufikia. Nahodha alivuta usukani. Omo ikamkosa, lakini wimbi letu likaupindua mtumbwi, na wavu ukajisokota katika rafadha. Ndani ya mtumbwi alikuwamo pia mtoto wa kiume wa miaka kama kumi. Wote wawili walishika ubavu wa mtumbwi wao, tukawavuta. Muda huo wote muziki uliendelea kupiga, kwa sababu swichi ilikuwa chini ya mikeka ya abiria na hakuna aliyeweza kuipata. Mtoto alitetemeka katika kitenge cha mmoja wetu, huku juu ya kichwa chake sauti safi kabisa, tuliyoilipia, ikiwaita watu kucheza.

“Nimewaita tangu mbali,” alisema yule mvuvi. Hakusema zaidi. Tulilipa wavu, fedha ya samaki wa usiku ule aliikataa.

Tuliporudi Kasumbalesa mmoja wetu alitaka kila kitu king'olewe na kuuzwa. Mwenzake alinyamaza, maana hakuwa na hoja. Aliyeutetea muziki ni nahodha, tuliyemdhania kuwa adui yake. Alisema kwamba ziwa linapochafuka watu wakisikia wimbo hawasimami ovyo, na watoto hulala. Alitaka mambo mawili: swichi iwe karibu na mkono wake, na spika mbili za mbele ziondolewe zisimzibe. Fundi alikwenda Kasenga mwenyewe kuyafanya hayo, akakataa malipo yasiyokuwa ya nauli, akisema kwamba dereva wa lori hana mtumbwi mbele yake na hivyo hakuwaza. Spika zilizobaki, zikiwa karibu na watu, zatosha kwa sauti ambayo abiria wawili wanaweza kuongea chini yake. Gumba la Mwenda bado linasikika.

Sasa tukikaribia mafunjo nahodha hunyoosha mkono bila kutazama, na wimbo hukatika popote ulipofika, hata katikati ya neno. Wageni hulalamika. Mwezi uliopita tulimpita yule mvuvi mchana, kwenye maji mapana, Missa Luba ikiimba. Aliinua kasia. Hatukujua kama alitusalimu au alituomba tupunguze. Nahodha alipunguza.