Kabla Lipu Haijapigwa

Kazi yangu ni kupitisha kebo za mtandao majumbani, hapa Dar es Salaam, na wateja wengi hunipigia simu wakiwa wamechelewa. Lipu imeshapigwa, rangi imekauka, ndipo mtu anagundua kwamba ruta iko sebuleni na chumba cha mwisho hakipati kitu. Hapo ninachobaki nacho ni mifereji ya plastiki ya kubandika juu ya ukuta. Inafanya kazi, lakini hakuna mwenye nyumba anayeipenda, nami simlaumu.

WiFi si adui yangu. Ila nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo na mikanda ya zege yenye nondo, na masafa ya gigahezi 5, yale yenye kasi, hupoteza nguvu nyingi yakipenya kuta za namna hiyo. Mji Mkongwe wa Unguja ndiko kugumu zaidi: kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na huwezi kuzipasua hivihivi. Mji ule umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na ukarabati wake unataka kibali.

Nyumba inapokarabatiwa, mimi huingia siku ile ile fundi umeme anapopasua ukuta kwa grainda na tindo. Lazima tuelewane mapema, maana mafundi wengi hupenda kuichomeka kebo ya mtandao ndani ya paipu ya umeme ili kuokoa nafasi. Sikubali. Kebo ya data haikai paipu moja na waya wa volti 230; ni hatari. Paipu zangu huziweka mbali na zake, na zikilazimika kukutana, zikatane msalaba, zisitembee sambamba.

Kona nazo zina mambo yake. Ile kona kali ya dukani inafaa maji. Mimi naingiza springi ndani ya paipu ya PVC na kuikunja taratibu kwa goti, kwa sababu kebo ikikunjwa sana jozi zake huharibika na baadaye haivutiki.

Mama mmoja aliniuliza, “Fundi, mbona paipu nyingi hivi na kebo chache?”

“Hizo tupu ni za baadaye, mama. Naacha na kamba ndani ya kuvutia.”

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: bajeti ikibana, punguza kebo, usipunguze paipu. Kebo utaivuta hata miaka kumi ijayo. Ukuta hutaupasua tena kwa furaha. Na huhitaji kebo ya jina kubwa. Cat6 inabeba gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 50 hivi, na nyumba ya kawaida haifiki huko. Anayekuuzia Cat7 kwa vyumba vitatu anakuuzia namba.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni shaba. Madukani kumejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Waya huo hukatika upesi, na ukipitisha umeme wa kuwashia kamera au kisambaza WiFi cha darini, hupata moto kuliko shaba tupu.

Kila kebo itoke chumbani moja kwa moja hadi sehemu moja yenye soketi ya umeme na hewa, bila kuungwa njiani, na sehemu hiyo isiwe juu ya dari chini ya bati. Kwenye kufunga vichwa, nyuzi 8 zifunguliwe msokoto kidogo tu, isizidi milimita 13. Gigabiti moja hutumia jozi zote 4, lakini megabiti 100 hutumia 2. Ndiyo maana waya mmoja wa zile jozi nyingine mbili ukilegea, mara nyingi intaneti haikatiki, inapungua tu, na mteja anaishia kuilaumu kampuni inayomuuzia huduma.

Kwa hiyo wewe unayekarabati sasa: kabla mwashi hajachanganya mchanga na saruji, weka futi ya kupimia ukutani na upige picha kila paipu, kila chumba. Siku moja fundi kabati atakuja na drili, na atakuuliza atoboe wapi.